Maswali yenu kuhusu kupiga makasia: mzee, mtoto, asiyeona na anayetumia kiti cha magurudumu

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wanaotaka kupiga makasia, au wanaotaka kuanzisha kikundi cha jamii, lakini wanahofia umri, ulemavu au vifaa. Tumechagua nane. Mashua tunazozizungumzia ni zile nyembamba zenye kiti kinachoteleza juu ya reli. Mpiga makasia hukaa akiipa omo mgongo na kutazama tezi, miguu yake ikiwa imefungwa kwenye ubao wa miguu. Ni vizuri kuukumbuka mkao huo, kwa sababu karibu kila tatizo lililoulizwa hapa linatokana nao.

Swali: Habari za kazi. Mimi ni mstaafu wa miaka 68. Natumia dawa za shinikizo la damu na daktari ameniruhusu kufanya mazoezi. Magoti yangu si mabaya, ila nyonga na vifundo vya miguu vimekakamaa. Je, muda umenipita? Na nianzie majini au kwenye mashine?

Jibu: Shikamoo mzee wetu. Muda haujakupita hata kidogo. Shirikisho la kimataifa, World Rowing, linawahesabu wapiga makasia wakongwe kuanzia miaka 27, kisha linawapanga kwa umri: kundi F huanzia 60, G huanzia 65, H huanzia 70, na makundi yanaendelea hadi zaidi ya miaka 80. Mbio zao ni za mita 1,000, nusu ya zile za Olimpiki. Kwa hiyo hata ukitamani kushindana, nafasi yako ipo.

Anza na mashine kwa wiki tatu au nne, siku tatu kwa wiki. Mashine nyingi za klabu ni za feni, na ubavuni mwa feni kuna kipini chenye namba 1 hadi 10. Kiweke kwenye 3 au 4. Watu wengi hukipandisha hadi 10 wakidhani huko ndiko kwenye mazoezi ya kweli, kumbe wanachofanya ni kuruhusu hewa zaidi iingie kwenye feni. Mvuto unakuwa mzito na wa polepole, na mzigo unaangukia kiunoni.

Mpangilio wa mvuto mmoja ni huu: sukuma kwa miguu kwanza, miguu ikikaribia kunyooka egemea nyuma kidogo kutoka kwenye nyonga, kisha malizia kwa mikono hadi mpini ufike chini ya kifua. Wakati wa kurudi ni kinyume chake: mikono, kiwiliwili, ndipo magoti yakunjwe. Kurudi kuchukue muda mara mbili ya kusukuma. Mivuto 18 hadi 20 kwa dakika inatosha kabisa. Siku ya kwanza piga dakika tatu, pumzika dakika mbili, rudia mara nne, basi.

Kuhusu shinikizo la damu, mambo mawili ni ya lazima. La kwanza, usibane pumzi unaposukuma. Toa hewa wakati wa kusukuma, vuta unaporudi. Kubana pumzi huku ukivuta kwa nguvu hupandisha shinikizo ghafla. La pili, kama dawa zako ni za kundi linaloitwa beta bloka, saa ya kupima mapigo itakudanganya, kwa sababu dawa hizo huzuia mapigo yasipande hata unapochoka. Tumia kipimo cha maneno: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, kasi inakufaa. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi isiyorudi baada ya kupumzika, acha na utafute msaada siku hiyohiyo.

Ukakamavu wa nyonga na vifundo unatatuliwa kwa spana. Mwombe kocha ashushe viatu kwenye ubao wa miguu kwa sentimita 2 au 3. Visigino vikiwa chini, magoti hayapandi sana na huhitaji kujikunja kama kijana. Kisha afunge kizuizi kwenye reli ili kiti kisifike mbele kabisa. Ukijilazimisha kufika mwisho wa reli, mgongo utajikunja kwa niaba ya nyonga, na hapo ndipo maumivu ya kiuno yanapoanzia. Mvuto mfupi wenye mgongo imara unaisogeza mashua vizuri kuliko mrefu uliopinda. Kama umewahi kuambiwa mifupa yako imepungua nguvu, mweleze kocha kabla ya yote, maana kuinama kwa mgongo uliopinda ni hatari kwa pingili dhaifu.

Swali: Mimi ni mratibu wa michezo. Kijana wa miaka 24, aliyeumia uti wa mgongo na asiyehisi chochote kuanzia kifuani kwenda chini, ameomba kujiunga nasi. Mikono yake ina nguvu. Tunataka kumpokea lakini tunaogopa kumfunga kwenye mashua. Tuanzie wapi?

Jibu: Hofu yenu ina msingi, na kila kipengele chake kina jibu. Mchezo huu umeingia kwenye Paralimpiki tangu Beijing 2008, na tangu 2017 mashindano yake makuu yana umbali uleule wa wengine, mita 2,000. Wapiga makasia hugawanywa katika madaraja matatu: PR1 hutumia mabega na mikono, PR2 huongeza kiwiliwili, PR3 wanaweza pia kutumia miguu kwenye kiti kinachoteleza. Upangaji rasmi hufanywa na wataalamu wa mchezo, lakini kwa maelezo yenu kijana huyu yuko karibu na PR1.

Mashua yake itahitaji vitu vitatu. Kiti kisichoteleza, chenye mgongo wa kuegemea na mto mzuri. Mkanda wa kifuani unaozuia kiwiliwili kuanguka mbele, pamoja na mikanda ya nyonga na magoti ikihitajika. Na maboya mawili ya pembeni yaliyofungwa kwenye mikono ya chuma inayoshika makasia, yanayoizuia mashua isipinduke kama marengu yanavyoishika ngalawa. Kwa mwanafunzi, yafungeni maboya yaguse maji pande zote mbili akiwa ametulia. Atakapojifunza mizani mnaweza kuyapandisha kidogo kidogo.

Sasa mikanda. Kanuni yake ni moja na haina mjadala: mkanda wowote lazima afungue mwenyewe, papo hapo, kwa kuvuta mara moja kwa mkono mmoja. Velkro, yaani utepe wa pande mbili zinazonasana, ndiyo inayotumika sana. Mikanda yote ivutwe kuelekea upande mmoja, iwe na rangi tofauti na nguo zake, na ncha iwe na kitanzi ambacho kidole kilicholowa kinaweza kukinasa. Velkro iliyojaa mchanga au nyuzi hushika vibaya, na mpya kabisa hushika kupita kiasi; ijaribuni ikiwa imelowa. Jaketi la kuokoa maisha nalo livaliwe na mikanda nchi kavu kwanza. Jaketi la kujijaza hewa likiwa chini ya mkanda wa kifua litambana mbavu litakapojaa, kwa hiyo mkanda na jaketi vichaguliwe pamoja.

Kabla ya safari ya kwanza, fanyeni zoezi la kupinduka kwenye bwawa au maji tulivu yanayofika kifuani, wasaidizi wawili wakiwa majini. Kwanza afungue mikanda akiwa nchi kavu huku macho yamefumba. Kisha majini, mashua ikiwa wima. Mwisho mashua ipinduliwe kweli. Sisi hatumruhusu mtu kwenda kilindini hadi afungue mara tatu mfululizo bila kusaidiwa. Asiyeweza si kwamba amekataliwa. Aanze kwenye mashua ya watu wawili iliyo pana, na kazi ya mikanda iendelee pembeni.

Kumhamisha kutoka kwenye kiti cha magurudumu ndiko kunakoleta ajali nyingi ndogo. Kiti chake kina kimo cha sentimita 45 hadi 50, na kiti cha mashua kiko chini ya usawa wa gati au karibu nao. Shimo hilo ni refu mno kwa mruko mmoja. Wekeni kituo katikati: benchi imara au tofali la povu gumu lenye kimo cha sentimita 25, na mto ukingoni mwa gati. Mashua iwe tayari, makasia yamefungwa kwenye vishikio vyake, mtu mmoja akishika mkono wa chuma wa upande wa gati na mwingine akishika tezi. Kiti cha magurudumu kifungwe breki na kishikiliwe na mtu wa tatu. Aende kutoka kitini hadi kituoni, kutoka kituoni hadi ukingoni, kutoka ukingoni hadi mashuani. Muulizeni yeye anavyopenda kusaidiwa, kwani anaujua mwili wake kuliko ninyi. Msimvute mikono kamwe. Mabega ndiyo miguu yake, na bega likiumia anapoteza makasia na mwendo pia. Mikanda hufungwa mwisho kabisa, na wakati wa kurudi hufunguliwa kwanza, kabla mtu yeyote hajamgusa ili kumwinua.

Ngozi isiyohisi inahitaji macho badala ya hisia. Siku za mwanzo asikae mashuani zaidi ya dakika 15 hadi 20. Avae nguo zisizo na mishono minene wala mifuko ya nyuma. Miguu iwe na soksi na viatu, na visigino viwekewe povu. Akitoka, ajikague makalio kwa kioo au akaguliwe na anayemwamini. Wekundu usiofifia ndani ya dakika 30 ni dalili kwamba mto haufai au muda ulizidi. Asirudi kitini hadi ngozi itulie. Kidonda cha mgandamizo kinaweza kumlaza miezi.

Kuna jambo jingine ambalo kila kocha wa kikundi chenu anapaswa kulijua kwa moyo. Mtu aliyeumia uti kwenye pingili ya sita ya kifua au juu zaidi anaweza kupandwa na shinikizo la damu kwa ghafla, mara nyingi kwa sababu ya kibofu kilichojaa, mpira wa mkojo uliojikunja au mkanda uliobana sana. Dalili ni kichwa kugonga kwa nguvu, jasho na uso kuwa mwekundu, na mapigo ya moyo kushuka. Msimlaze. Aketi wima, legezeni mikanda na nguo, nyoosheni mpira wa mkojo au kibofu kimwagwe, na mrudi nchi kavu huku mkiita gari la wagonjwa. Hali hiyo inaweza kuleta kiharusi. Ili kuikinga, amwage mkojo kabla ya kila safari. Na kwa kuwa mwili wake hautoi jasho chini ya jeraha, siku ya jua kali mbebeeni chupa ya kunyunyizia maji na mfupishe mazoezi.

Baada ya hayo yote, mazoezi yenyewe ni mepesi kuyapanga: dakika tatu za kuvuta, mbili za kupumzika, mara nne. Mivuto yake itakuwa mifupi na ya haraka kuliko ya wenzake. Sogezeni pete ya kasia, ile inayoegemea kishikio, ili sehemu iliyo nje ya mashua ipungue kwa sentimita chache, mzigo ushuke. Mashua ikienda polepole lakini mabega yametulia, mmepata kipimo sahihi.

Swali: Sioni kabisa jicho moja, na la pili naona mwanga tu. Nitajuaje bapa la kasia limesimama au limelala? Na ni nani atakayeniongoza?

Jibu: Mkono utakuambia. Sehemu ya kasia inayokaa kwenye kishikio ina nyuso bapa, hivyo kasia hutulia katika hali mbili tu, bapa likiwa wima au limelala, na utasikia likigota linapofika. Omba pia kocha agundishe ukanda mwembamba wa mpira kwenye mpini, ukielekea upande uleule na bapa. Kidole kikiugusa juu, unajua bapa liko wapi bila kuuliza mtu.

Kabla ya kuingia majini, tembeza mikono kwenye mashua nzima ikiwa juu ya vibao: kutoka omo hadi tezi, viti, reli, viatu, mikono ya chuma, kimoja kimoja. Gundua hasa ubao mdogo uliopo kati ya reli, kwani hapo ndipo pekee pa kukanyaga. Sakafu ya mashua ni nyembamba na mguu unaitoboa. Wenzako wajifunze kutaja umbali na upande kila mara: "ukingo wa gati uko hatua moja kulia kwako". "Angalia hapo" halikusaidii.

Kwenye mashua ya watu wanne yenye mshika usukani, tunapendekeza kiti cha pili au cha tatu. Hapo katikati unasikia magurudumu ya viti na mgoto wa makasia mbele na nyuma yako, na mdundo unaingia mwilini haraka. Mshika usukani atangulize maneno kabla ya tendo: "Baada ya mivuto miwili, simameni." Amri inayokuja pamoja na tendo imechelewa. Ukipenda mashua ya watu wawili, mwenzako anayeona akae omo, maana mtu wa omo ndiye anayegeuka kutazama njia. Wasioona hushindana pia katika daraja la PR3.

Swali: Mwanangu ana miaka 11 na anataka kuanza. Apewe kasia moja au mawili?

Jibu: Mawili, mama. Kasia moja humfanya mtoto ajipinde upande mmoja kila mara wakati mgongo wake bado unakua, na mawili hugawa kazi sawa. Hakikisha klabu ina makasia mafupi ya watoto, yenye mipini myembamba ambayo vidole vyake vinazunguka. Kasia la mtu mzima mikononi mwa mtoto huzaa malengelenge na tabia mbaya ya kuvuta kwa mabega. Mipini hupishana katikati ya mvuto, mkono wa kushoto ukiwa juu kidogo. Akijikwaruza vidole wiki za mwanzo ni kwa sababu hiyo, kucha zikatwe fupi. Na awe anajua kuogelea kwanza.

Swali: Kila tukiongeza kasi, kasia langu linanaswa majini na mpini unanigonga tumboni. Juzi nusura unitupe nje. Kosa liko wapi?

Jibu: Mara nyingi kosa ni moja kati ya matatu. La kwanza na la kawaida zaidi: unakunja kifundo cha mkono kulaza bapa wakati bado liko majini. Bapa lililolala likisukumwa na maji ya mashua inayokwenda huzama badala ya kutoka. Shusha mpini kwanza, bapa litoke likiwa wima, ndipo ulilaze. La pili, unachelewa kulisimamisha bapa kabla ya kuliingiza, nalo linaingia kwa pembe na kupiga mbizi. Lisimamishe mapema, mikono inapopita juu ya magoti. La tatu, unavuta mpini ukipanda kuelekea kidevuni, na bapa linashuka hadi mti wa kasia unazama. Uvute mpini kwa mstari ulionyooka, urefu wa bapa tu ufunikwe na maji.

Kama makosa hayo hayapo, na mtu mwingine akikaa kwenye kiti chako naye ananaswa, kagueni kishikio. Kwa kawaida bapa linapokuwa majini huinamishwa nyuzi 4 hivi kutoka wima ili lisizame. Kishikio kilicholika au mkono wa chuma uliopinda huondoa nyuzi hizo, na hapo hata bingwa atanaswa.

Zoezi la kutibu: kwenye mashua ya wanne, wawili washike mizani kwa kulaza makasia yao juu ya maji, wawili wapige bila kulaza bapa hata mara moja, dakika tano, kisha wabadilishane. Anayelaza mapema atagunduliwa papo hapo.

Kasia likinaswa kwa kasi, usipigane nalo. Nguvu yake inatokana na mashua nzima, haitokani nawe. Lala nyuma, upitishe mpini juu ya kichwa, na mshika usukani aamuru "Simameni!" Mashua ikitulia, geuza mpini taratibu hadi bapa lichomoke.

Swali: Shikamoni. Tuko watu wazima kumi na wawili tunaotaka kuanzisha kikundi kinachopokea kila mtu. Tuanze na mashua zipi, na sheria gani za usalama ni za lazima?

Jibu: Marahaba. Kishawishi cha vikundi vingi ni kutafuta mashua ya watu wanane kwa sababu inapendeza. Ina urefu wa karibu mita 17 au zaidi, na kwa kanuni za mashindano uzito wake haupungui kilo 96. Mtu mmoja akikosa kuja, saba wanabaki gatini. Anzeni na mbili za mazoezi za watu wanne zenye makasia mawili kwa kila mtu na mshika usukani, na mbili au tatu za mtu mmoja zilizo pana. Mashua ya mbio ya mtu mmoja ni nyembamba mno, na anayeanza ataogelea zaidi ya kupiga makasia. Mashua ya mazoezi yenye upana wa sentimita 60 inamwacha ajifunze mkono kabla ya mizani.

Kubeba mashua ya wanne, hata iwe na kilo 60, ni kilo 15 kwa kila mmoja wenu. Asiyeweza kubeba asisimame akitazama kwa aibu: apewe makasia, au nunueni kitoroli cha magurudumu mawili ambacho kitawafaa wote.

Kuogelea: kipimo cha chini tunachoshauri ni mita 50 ukiwa na nguo nyepesi, dakika mbili za kuelea bila kushika kitu, na mita 5 chini ya maji. Asiyefikia avae jaketi kila safari, na asipewe mashua ya peke yake. Mshika usukani huvaa jaketi daima. Kama analala ndani ya omo, kama ilivyo kwenye baadhi ya mashua za wanne, jaketi lake lisiwe la kujijaza lenyewe, kwa sababu mashua ikipinduka litamgandamiza ndani ya tundu asitoke. Apewe la kuvuta kamba akishakuwa nje.

Boti ya kocha iwe na kamba ya kurusha ya mita 15 hadi 20, blanketi za foili, filimbi, kisu, kasia la akiba, sanduku la huduma ya kwanza na simu kwenye mfuko usiopenya maji. Kamba ya kuzimia injini iwe imefungwa mwilini mwa dereva. Na boti hiyo isisindikize watu wengi kuliko inaoweza kuwabeba wote wakiwa wametoka majini. Kigezo hiki ndicho kinachoamua idadi ya mashua kwa siku, wala si idadi ya waliofika.

Kila safari, kabla ya kushusha: mpira wa omo, yaani tufe dogo linalofunika ncha ya mbele, upo na umekaza, vifuniko vya vyumba vya hewa vimefungwa, skrubu za vishikio zimekazwa, nyuzi za visigino hazijakatika. Nyuzi hizi huonekana hazina maana hadi siku mashua inapinduka. Huzuia kisigino cha kiatu kisiinuke, hivyo mguu unachomoka wenyewe mtu anapouvuta. Zikiwa ndefu mno au zimekatika, kiatu kinafuata mguu na mtu ananing'inia kichwa chini. Kisigino kisiinuke zaidi ya sentimita 5 hadi 7.

Mashua ikipinduka, watu wabaki nayo. Inaelea, inaonekana, na inaweza kupandwa kwa tumbo ili mwili utoke majini. Wanaokufa mara nyingi ni wale walioamua kuogelea hadi ufukoni "kwa kuwa si mbali". Maji yakiwa chini ya nyuzi joto 15, dakika ya kwanza mwili hupwita na kuhema ovyo. Kazi pekee ya dakika hiyo ni kushika mashua na kutuliza pumzi. Radi ikisikika, tokeni, na msirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mawimbi yakianza kuvunjika na kuonyesha povu jeupe, hakuna safari siku hiyo.

Swali: Binti yangu wa miaka 16 ana usonji. Anapenda maji, lakini makelele na maelekezo mengi humvuruga. Kocha afanye nini?

Jibu: Apunguze maneno. Amri tatu zinatosha mwezi wa kwanza: "Anza", "Simama", "Shika maji" (yaani zamisha bapa mashua isimame). Zisemwe kwa maneno yaleyale na mtu yuleyule. Badala ya kulia na kushoto, ambavyo humchanganya hata mzoefu kwa kuwa tunakwenda kinyumenyume, tumieni rangi: mkono wa kulia kasia lenye utepe mwekundu, wa kushoto lenye kijani. Ndivyo makasia yanavyotiwa alama kwenye klabu nyingi, kwa hiyo hajifunzi kitu atakachokisahau baadaye.

Mpigieni picha hatua za siku, sita au saba, mzipange kwenye kadi: kuvaa jaketi, kubeba makasia, kuingia, kufunga viatu, na kuendelea. Akae kiti kilekile kila safari. Kipaza sauti cha kocha kisielekezwe kwake. Mshika usukani aseme kwa sauti ya kawaida. Mara ya kwanza aketi kwenye mashua iliyofungwa gatini hadi aseme imetosha, hata kama ni dakika nne. Na kama ana kifafa pia, jambo linaloambatana na usonji kwa baadhi ya watu, avae jaketi la kuelea muda wote, asikae mashua ya peke yake, na boti ya kocha iwe karibu.

Swali: Baada ya kiharusi, mkono wangu wa kushoto unashika lakini unaachia wenyewe. Naweza kuufunga kwenye mpini wa mashine?

Jibu: Unaweza, kwa glavu ya kushikia yenye mkanda wa velkro unaozunguka vidole. Sharti ni lilelile la kijana aliyeumia uti: uweze kuifungua kwa mkono mzima, au kwa meno, kwa mvuto mmoja. Kamba ya kawaida na plasta ni marufuku. Kila baada ya dakika tano angalia rangi ya vidole, kwa kuwa mkono uliopoteza hisia hautakuambia kwamba damu imebanwa. Vuta mpini kwako kwa usawa. Mkono wenye nguvu ukitangulia, mnyororo utakwenda upande na mgongo utajipinda. Kioo kilichowekwa mbele yako kitakuonyesha jambo hilo kabla kiuno hakijaanza kuuma.

Na kwa kuwa utakuwa ukitumia mashine ya kikundi: futeni reli yake kila siku kwa kitambaa chenye maji, na mnyororo uguswe mafuta kila baada ya saa 50 za matumizi. Reli chafu huifanya safari ya kiti iwe na mikwaruzo, na mwenye upande dhaifu ndiye wa kwanza kuyumbishwa nayo.